Unga wa selulosi kwenye lipu na zege: upimwe kwa gramu

Upepo wa kusi ukianza kuvuma huku Mtwara, lipu ya nje inakuwa kazi ngumu. Tofali kavu linafyonza maji upande wa ndani, upepo na jua vinayamaliza upande wa nje, na simenti inabaki na kiu. Wiki chache baadaye ukuta una nyufa ndogondogo, na ukigonga unasikia uwazi.

Kwa hali hiyo mimi natumia unga wa selulosi, na nawashauri mafundi wenzangu waujaribu. Asili yake ni nyuzi za miti au pamba, zikabadilishwa kiwandani mpaka zikaweza kuyeyuka kwenye maji. Maji yenye unga huu yanavutika kidogo kama mlenda, kwa hiyo hayakimbilii kwenye tofali, yanabaki simenti iyatumie. Utauona ubora wake kwenye mwiko: ukiisukuma lipu inalainika, ukiiacha inatulia pale pale bila kuporomoka.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Kwa lipu, anza na asilimia 0.1 ya uzito wa simenti, na usivuke 0.2 kabla ya kujaribu kwenye kipande kidogo cha ukuta. Kwa mfuko wa kilo 50, hiyo ni gramu 50 hadi 100. Nunua mizani ndogo, tafadhali. Kiganja cha fundi hakipimi gramu. Ukizidisha, lipu inanata kwenye mwiko, inajaa hewa, inachelewa kuganda na nguvu yake inashuka. Tena usiumwage unga kwenye ndoo ya maji. Unafanya madonge, nje ute, ndani unga mkavu, na hayavunjiki kirahisi. Uchanganye kwanza na simenti kavu, ndipo mchanga na maji vifuate.

Kwenye zege linalojishindilia lenyewe kazi yake ni nyingine. Zege hilo lilibuniwa Japani. Profesa Hajime Okamura alilipendekeza mwaka 1986, na la mfano likapatikana 1988. Linafaa sana kwenye nguzo ambazo nondo zimebanana hata vaibreta, mashine ya kulitikisa zege lishindilike, haipiti. Kinacholifanya litiririke ni dawa ya kulainisha zege. Selulosi inazuia kokoto zisizame na maji yasipande juu, na inatakiwa kidogo zaidi: gramu 10 hadi 25 kwa mfuko zinatosha kuanzia. Mchanga wetu juu ya lundo ni mkavu na chini umelowa, na selulosi inasaidia tofauti hiyo isiharibu mchanganyiko.

Kabla ya kumwaga, jaza koni ya kupimia zege juu ya bati pana lililolowanishwa, uinyanyue, uache zege litambae. Kipenyo cha milimita 650 hadi 750 kinafaa kazi nyingi. Lakini mimi naangalia zaidi ukingo: ukiona pete ya maji matupu pembeni na kokoto zimerundikana katikati, zege hilo lisiingie kwenye nguzo. Mhandisi naye aone matokeo ya kubonyeza vipande vya majaribio mpaka vivunjike, ajue nguvu ya zege, kabla hamjaanza.

Unga huu hauondoi chumvi ya mchanga wa ufukweni, wala haukupunguzii kumwagilia. Lipu iendelee kuloweshwa angalau siku saba. Na kwa kuwa unachelewesha kuganda, mbao za nguzo zisifunguliwe kwa mazoea ya zege la kawaida.