Chanjo za njiti: hesabu tangu siku aliyozaliwa

SWALI: Nilijifungua tarehe 3 Machi, mimba ikiwa na wiki 32, wiki nane kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa na kilo 1.6, sasa amefika 2.3. Hospitali alipewa matone ya polio ila BCG, chanjo ya kifua kikuu, hakuchomwa. Mama mkwe anasema sindano za wiki sita zingoje afikishe kilo tatu, au zihesabiwe tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Nishike lipi?
Mama wa njiti, Makorora, Tanga

JIBU: Hongera kwa malezi, mama. Mhesabie tangu 3 Machi. Wiki sita zinatimia 14 Aprili, kumi 12 Mei, kumi na nne 9 Juni. Ukihesabu tangu 28 Aprili aliyotarajiwa, sindano ya kwanza itaangukia 9 Juni, siku aliyopaswa kuchomwa ya tatu. Wiki zote hizo kifaduro kitamkuta hana kinga, na njiti kifaduro humkatisha pumzi.

Mama mkwe anamwonea huruma kwa udogo wake, na tunamwelewa. Mwelezeni kwa upole kwamba udogo huo ndio sababu ya kutochelewa. Kinga ya mama humfikia mtoto kwa wingi wiki za mwisho za mimba. Wa wiki 32 ametoka kabla ya kupata fungu lake lote. Kipimo nacho hakipunguzwi: pentavalenti, sindano moja ya kukinga magonjwa matano kikiwemo kifaduro, ni nusu mililita, awe na kilo mbili au tano. Ukiambiwa achomwe nusu yake, kataa.

Siku ya wiki sita atachomwa pentavalenti paja moja na chanjo ya nimonia paja jingine, pamoja na matone ya polio na ya rota, kirusi cha kuharisha. Matone yatangulie akiwa ametulia, kisha mnyonyeshe wakati wa sindano, maumivu hupungua. Kadi iwe imeandikwa uzito wa kuzaliwa na wiki za mimba. Mafua madogo hayazuii chanjo. Akifika nyuzi 38, akigoma kunyonya au akilegea, mrudishe kituoni. Usimpe parasetamo kwa kukisia. Hupimwa kwa uzito wake.

BCG isingoje. Njiti wa zaidi ya wiki 31 mwenye afya huweza kuchomwa kabla ya kuruhusiwa, na anaweza kuipata siku moja na hizo nyingine. Uliza kwanza kliniki siku yake: kichupa huwa na dozi nyingi, mara nyingi 20, na kikishachanganywa hakidumu zaidi ya muda wa saa 6, hivyo vituo huwakusanya watoto siku moja. Begani patatoka kipele, kisha kidonda kidogo. Msikikamue wala kukipaka chochote.

SWALI: Mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 27, bado yuko wodini na wiki sita zimetimia. Tungoje atoke?
Mama mdogo, Pongwe

JIBU: Hapana. Hali yake ikiwa imetulia, achomwe humo humo. Wa kabla ya wiki 28 huweza kusita kupumua baada ya sindano za kwanza, hivyo waombeni wauguzi wamwangalie pumzi na mapigo ya moyo kwa saa 48 hadi 72. Matone ni habari nyingine: virusi dhaifu vya chanjo hutoka na choo, na wodini kuna wachanga wengine. Ulizeni kama atapewa siku ya kuruhusiwa.