Mume wangu anajua kila ninapopita: je, sheria inamruhusu?

SWALI: Mheshimiwa mwanasheria, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Mume wangu anafanya kazi Geita na hurudi Mwanza mwisho wa mwezi. Jumanne iliyopita, baada ya kupakia magunia, nilipita Igoma kumjulia hali dada yangu anayeumwa, na kabla sijafika nyumbani mume wangu akanipigia kuniuliza nilikuwa na nani Igoma kwa dakika arobaini. Simu hii aliinunua yeye na kuifungulia akaunti yeye. Nilipolalamika alijibu kwamba simu ni yake na mke ni wake. Je, ana haki hiyo?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba, mama. Haki hiyo hana. Risiti ya dukani inaonyesha nani alilipia simu, lakini haimpi ruhusa ya kumfuatilia anayeitumia. Na ndoa nayo haifuti faragha ambayo Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu juu ya nafsi yake, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake.

Usitafute kifungu kinachomtaja mume anayemfuatilia mkewe kwa simu. Shauri la namna hii hupimwa kwanza kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambamo kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwa makusudi na bila uhalali katika mfumo wa kompyuta, na simu yako ni mfumo wa kompyuta kwa tafsiri ya sheria hiyo. Adhabu yake si ndogo: kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au faini inayoanzia shilingi milioni 3, au vyote viwili. Akinasa pia mazungumzo au ujumbe wako, anagusa kifungu cha 6, ambacho faini yake inaanzia shilingi milioni 5.

Kwa hiyo jambo la kujua kwanza ni njia anayoitumia. Fungua programu ya ramani, gusa alama ya akaunti iliyo juu pembeni, kisha uangalie sehemu ya kushiriki mahali ulipo. Kama jina lake limo, umeipata. Angalia pia simu imefunguliwa kwa barua pepe ya nani, kwa sababu ikiwa ni yake, anaweza kuitafuta akiwa Geita kama mtu anavyotafuta simu iliyopotea, bila kupachika kitu chochote cha siri. Hapo atajitetea kwamba ulijua na ulikubali, nawe utatakiwa kueleza kwamba hukuulizwa.

Usifute chochote kwa hasira. Piga picha za kioo hicho kwa simu nyingine, tarehe ionekane, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo mahakamani. Kumbuka pia kwamba ukizima ufuatiliaji ataona mara moja. Kama amewahi kukupiga au kukutishia, pita kwanza Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. (Wapo wanaume wanaoniandikia kwamba mume anayefuatilia ndiye anayependa. Utetezi huo sijauona katika sheria yoyote.)

SWALI: Tajiri wangu amefunga GPS kwenye pikipiki ninayoendesha. Je, nimshitaki?
Bodaboda, Nyegezi

JIBU: Pikipiki ni mali yake na kuilinda dhidi ya wezi ni sababu halali, ndugu yangu. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na mwenyewe akijua. Mwombe aliandike jambo hilo katika mkataba wenu, pamoja na saa ambazo wewe uko kazini.