Mke wa John Howland wa Mayflower: Carver au Tilley?

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani. Marehemu bibi yake aliacha karatasi ya nasaba inayoanzia kwa John Howland, aliyefika Plymouth, koloni la Waingereza huko Amerika, na meli ya Mayflower mwaka 1620, na mkewe Elizabeth Carver, binti wa gavana. Mtandaoni naona Elizabeth Tilley. Nishike lipi? Na wazazi wa Howland walijulikanaje?

JIBU: Shika Tilley, dada yangu, ila karatasi ya bibi usiitupe. Hakubuni. Vitabu vya zamani viliandika hivyo, na hata jiwe ambalo wazao waliweka kaburini kwa Howland karne ya 19 lilimtaja binti wa Carver. William Bradford, gavana aliyemfuata Carver, alikuwa ameorodhesha abiria na watu waliooana nao, akaandika kwamba Howland alimwoa Elizabeth, binti wa John Tilley, na wana watoto 10. Lakini muswada huo ulipotea miaka mingi, ukaonekana mwaka 1855 katika maktaba ya askofu wa London na kuchapishwa mwaka uliofuata. Ubatizo wa Elizabeth nao umo katika rejista ya kanisa la Henlow, Bedfordshire, Agosti 1607.

Kwa wazazi ndipo wengi wanapoteleza. Mtu akimkuta John Howland yeyote kwenye rejista ya Uingereza, anambandika papo hapo kwenye mti wa ukoo. Kufanana jina si ushahidi. Inatakiwa hati inayomshika mtu yuleyule pande zote mbili za bahari. Hapa hati hiyo ni wosia wa Humphrey Howland, mfanyabiashara wa nguo wa London, wa mwaka 1646. Aliwaachia fedha ndugu zake Arthur, John na Henry, na ndugu watatu wenye majina hayo ndio waliokuwa wakiishi katika koloni la Plymouth. Kupitia ndugu hao tunafika Fenstanton, Huntingdonshire, kwa Henry na Margaret Howland. Mimi wosia mmoja wa ndugu nauthamini kuliko rejista kumi za ubatizo.

Ukiona Howland alifariki Februari 1672, kwingine 1673, ni kifo kilekile: kwa Waingereza wa wakati huo, hadi 1752, mwaka mpya ulianza 25 Machi.

Kazi yako ianze kwa mume wako na kurudi nyuma, cheti kwa cheti. Vizazi vitano vya kwanza vimeshachapishwa na jumuiya ya wazao wa Mayflower, kwa hiyo unatafuta pa kuungana navyo tu. Kipindi kigumu ni 1790 hadi 1840, maana sensa za wakati huo zilitaja jina la mkuu wa kaya peke yake, na wanawake wengi wanapotea. Hapo nenda kwenye mafaili ya mirathi ya wilaya: baba akigawa mali, binti aliyeolewa hutajwa mara nyingi kwa jina la ukoo wa mumewe.