Usipige hiyo amri ya pili! 500G na 500GB si kitu kimoja

Mkuu, toa kidole kwenye Enter. Umeuliza kama muuzaji kakupiga kwa sababu diski ya TB 1 inasoma 931.5G kwenye lsblk (amri ya Linux inayoorodhesha diski), halafu chini kabisa, kama jambo dogo tu, umebandika amri mbili unazotaka kuzipiga usiku huu kupunguza sda2, yaani partisheni (kipande cha diski) ya Linux yako, ili Windows ipate nafasi:

resize2fs /dev/sda2 500G
parted /dev/sda resizepart 2 500GB

Muuzaji hajakuibia kitu. Hizo amri ndizo zitakazokuibia.

resize2fs inabadilisha ukubwa wa mfumo wa faili, yaani mpangilio wa mafaili ndani ya partisheni; parted inabadilisha partisheni yenyewe. resize2fs ikiona G inahesabu kwa 1024, kwa hiyo 500G kwake ni baiti 536,870,912,000. parted ikiona GB inahesabu kwa 1000: baiti 500,000,000,000, basi. Na kuna mtego mwingine juu yake: namba unayoipa resizepart si ukubwa wa partisheni, ni mahali inapoishia, kuhesabu kutoka mwanzo kabisa wa diski. Kama sda2 yako inaanza sekta (kipande cha baiti 512) ya 1050624, kama ilivyo kwa Ubuntu nyingi zenye EFI (partisheni ndogo ya kuwashia kompyuta) ya MiB 512 (MiB ni baiti 1024 × 1024), unapoteza MiB 513 nyingine. Jumla, gigabaiti 37.4 za mkia wa mfumo wa faili zinabaki nje ya uzio.

parted itakuonya kwamba kupunguza partisheni kunaweza kupoteza data. Onyo hilo inalitoa hata kwa aliyepiga hesabu sawasawa, ndiyo maana kila mtu anajibu Yes bila kusoma. Balaa linaonekana baadaye, e2fsck (amri ya kukagua mfumo wa faili) inapolalamika kwamba mfumo wa faili una bloku 131072000 lakini kifaa kina kama milioni 121.9, kisha inauliza: niache? Jibu y. Ukilazimisha iendelee itagonga bloku isizoweza kuzisoma, na kila "rekebisha" unayoikubali inazidi kuchimba kaburi.

Hapo data bado ipo. Kubadilisha jedwali la partisheni hakufuti kitu. Rudisha mwisho wa sda2 kwenye sekta yake ya zamani na mafaili yanafunguka. Ila ukishaifomati ile nafasi "tupu" na kuweka Windows juu yake, kwaheri. Msinicheke, nami nimo kwenye orodha ya waliopoteza data hivyo. Bekapu nilikuwa nayo, tena nzuri, ndani ya diski hiyo hiyo.

Na kuna mwalimu mmoja wa video anayesema "andika mia tano kote kote, haina noma"! Kwake haina noma kwa sababu alikuwa anakuza partisheni. Ukikosea namba wakati wa kukuza, resize2fs inakataa tu, inakuambia partisheni ni ndogo kuliko ulichoomba. Wakati wa kupunguza, parted haijui wala haijali mfumo wa faili umeishia wapi. Hilo hakulisema, alikuwa anaomba likes.

Kwa hiyo usiandike G wala GB kwenye parted, kamwe. Andika sekta. Washa kwa flashi ya Ubuntu, sda2 isiwe imefunguliwa, kisha:

parted /dev/sda unit s print
(piga picha kwa simu, usitegemee kichwa)
e2fsck -f /dev/sda2
resize2fs /dev/sda2 480G

Ndiyo, 480, pungufu ya unachotaka, makusudi. Kama data yako haitoshei, itakataa. Halafu hesabu: GiB 500 (gigabaiti za hesabu ya 1024) ni sekta 1,048,576,000 za baiti 512. Jumlisha mwanzo 1050624, toa 1:

parted /dev/sda resizepart 2 1049626623s
resize2fs /dev/sda2

Hiyo ya mwisho haina namba, nayo ndiyo tamu yenyewe: mfumo wa faili unajitanua wenyewe hadi ukutani, wewe huna pa kukosea.

Kuhusu 931: diski yako ina baiti 1,000,204,886,016 kamili. Gawanya kwa 1024 mara tatu, unapata 931.5. Aliyeandika TB 1 kwenye boksi kasema kweli kwa vipimo vya kimataifa. Majina ya kibi, mebi na gibi, ya hesabu ya 1024, IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme) iliyapitisha tangu 1998, Mac ikahamia hesabu ya 1000 mwaka 2009, ila Windows mpaka leo inahesabu GiB na kuandika GB. Kwenye KB tofauti ni asilimia 2.4, hakuna aliyejali. Kwenye TB inakaribia 10. Na kama unadhani hawa wamechanganyikiwa, ile floppy ya 1.44 MB ilikuwa baiti 1440 × 1024, yaani megabaiti yake ni 1000 × 1024. Sijui walikuwa wanakula nini.

Bandika hapa hayo matokeo ya unit s print kabla hujagusa kingine.