Anzia Kwenye Dramu ya Breki

Wanafunzi wanaotaka kuunganisha uhandisi mitambo na ujifunzaji wa mashine (kompyuta kujifunza kutokana na data) huniuliza waanze na programu gani. Mimi huwasimulia kwanza habari ya utafiti wangu wa uzamili hapa Mbeya, kuhusu joto la dramu za breki, zile ngoma za chuma zinazozunguka na gurudumu, za malori yanayoshuka mteremko wa Iwambi.

Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 100 huachia nishati ya megajuli 49 hivi, na dereva asipotumia gia ndogo, sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kwenye breki. Nilifanya uigaji mwingi wa kompyuta kwa mbinu ya elementi finiti, inayoigawa dramu katika vipande vidogo vingi na kukokotoa kila kimoja, kisha nikaufundisha mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, kukisia joto hilo kwa sekunde badala ya saa kadhaa. Majibu yalilingana na uigaji karibu kabisa, nikaanza kuandika makala.

Kabla ya kuituma nilipita gereji moja ya Mbalizi. Baada ya shikamoo nilimwonyesha fundi mzee picha zangu za rangi zinazoonyesha joto kwenye dramu. Aliokota dramu iliyochakaa, akapitisha kidole kwenye nyufa nyembamba za uso wa ndani, akaniambia, "Mwanangu, mbona moto wako uko nje? Lainingi inasugua huku ndani." Nilikuwa nimeliingiza joto kwenye uso usio wake, na mtandao ulikuwa umelijifunza kosa langu lote.

Mwaka 2019 Raissi, Perdikaris na Karniadakis walichapisha kazi maarufu ya mitandao inayobanwa na kanuni za fizikia, na vijana wengi huikimbilia. Ni kazi nzuri mno, lakini hata mtandao wa namna hiyo hupokea masharti ya mipaka unayoupa wewe, kwa mfano joto linaingilia uso upi; ningeutumia, ungenipa kosa lile lile. Kokotoa kwanza nishati kwa mkono, kaza wavu wa elementi, yaani fanya vipande viwe vidogo zaidi, mpaka jibu litulie, na unapotenga data ya kuupima mtandao, tenga miteremko mizima, kwa sababu nukta za mteremko mmoja zinafanana mno.

Kuhusu vifaa usihofu sana: programu za uigaji za CalculiX na FEniCS ni za bure.

Makala yangu ilichelewa miezi minane, na kwa mhadhiri msaidizi anayesubiri kupandishwa cheo, muda huo unauma. Hata hivyo, kila mwanafunzi ninayemsimamia sasa hutumia wiki yake ya kwanza gereji, akiwa na daftari na rula, kabla hajafungua kompyuta.