Muulize Shangazi: Mambo ya ndoa yangu nimweleze mtu wa kwenye simu?

Shikamoo Shangazi. Nipo Ngamiani hapa Tanga, nna miaka 34 na watoto wawili. Mume wangu dereva wa semi, anapita Tunduma anaingia Zambia mpaka Kongo, akirudi anakaa siku nne tano anaondoka tena. Zamani tulikuwa tunaongea usiku mpaka bando linakata, siku hizi tukiongea ni ada ya shule au ugomvi, na ugomvi wenyewe tunatumiana kwa voisi, kesho yake nazirudia kuzisikiliza nalia upya. Mtoto wa kwanza ana miaka 13, toka mwezi wa pili amekuwa kimya, anakula chumbani, shuleni ameshuka. Nimemwambia somo wangu kasema vumilia, mwanaume wa safari ndo alivyo. Rafiki yangu kanionyesha mshauri wa familia anayeongea na watu kwa video, natamani ila naona aibu kumwanikia mtu baki mambo ya ndani, na mume wangu kasema yeye sio chizi. Tunaishi na mama mkwe. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwenye hizo voisi nasimama. Voisi mtu anaongea peke yake, uso wako haoni, hasikii ukivuta pumzi, basi anamwaga yote mpaka lile ambalo mkiwa mmekaa mkeka mmoja asingelisema, na wewe nawe unajibu ivo ivo. Naomba kabla hata ya mshauri mkubaliane jambo moja, ugomvi hautumwi kwa voisi, unasubiri simu ya kuongea. Na zile za zamani zifute, usizisikilize tena.

Somo wako simlaumu, kakupa alichonacho. Ila somo ni wa upande wako, mumeo hawezi kumfungulia moyo hata siku moja, na wewe kwa mawifi vilevile huwezi. Mshauri aliyesomea kazi hii hana upande, hakai mtaani kwenu, hatakutana na wewe arusini akakuangalia jicho la kujua. Hiyo aibu unayoiona kwa sababu humjui, mimi nakwambia hapo ndo penye faida.

Na kwa nyie ambao mmoja yupo Tanga mwingine yupo Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kwenye foleni ya malori, njia ya simu inawafaa kuliko ofisi, maana mnaweza kuingia wote watatu kwenye simu moja kila mtu alipo, kwa kawaida ni kama dakika 50 mara moja kwa wiki. Mumeo mwambie ajaribu mara moja tu, siku gari limepaki, asije akaongea huku anaendesha. Usimwambie ni tiba, mwambie kuna mtu wa kutusuluhisha, kwani ndo kazi yenyewe. Akikataa anza wewe, ukibadilisha unavyojibu na ugomvi nao unabadilika, nimeliona hilo kwa watu wengi walioniandikia.

Sasa jambo ambalo naona watu hawaliwazi kabisa. Nyumba zetu za Ngamiani unazijua, ukuta unaishia chini ya bati, silingi bodi hakuna, wa chumba cha pili akigeuka kitandani unasikia. Utakaa wapi uongee? Kabla hujatafuta mshauri tafuta pa kukaa. Chumba cha huyo rafiki yako akiwa kazini, au Raskazone ufukweni siku ya katikati ya wiki ambapo watu ni wachache. Iafoni zinaficha maneno ya mshauri tu, yako yanasikika, kwa hiyo yale mazito ya chumbani muombe muyamalize kwa kuchati. Na mama mkwe usimfiche kabisa mpaka akaona unaongea na mwanaume pembeni, mwambie nna mshauri wa mambo ya mtoto, ni kweli na litamtuliza.

Faragha ya pili ni ya huko kwenye mtandao. Kule Marekani kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni, BetterHelp, mwaka 2023 iliambiwa na tume yao ya biashara ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwa ilipeleka taarifa za wateja kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, hata barua pepe zao na majibu waliyojaza kuhusu afya zao, wakati iliwaahidi itazitunza. Sikutishi, nataka uulize. Huyo mshauri muulize amesomea wapi, anafanya kazi wapi, anaandika nini juu yenu na anakitunza wapi, nani mwingine anasoma. Mwambie unajua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtu wa kazi hii hakasiriki ukimuuliza ivo, akikasirika achana nae. Bei muulize kabla, ulipe kwa kila mkutano, usilipe ya miezi mitatu kwa mtu hujamsikia. Video ikila bando, ongeeni kwa sauti tu, inatosha.

Kuhusu kijana, nimemuweka mwisho lakini ndo anayeniuma zaidi. Usimpeleke yeye kwanza kama ndo mwenye kosa. Anza wewe, na baba yake akikubali, muongee na mshauri juu yake, akitaka nae apewe muda wake bila wewe kusikiliza mlangoni. Nenda shule muulize mwalimu wa darasa mwezi wa pili kulitokea nini, maana mtoto anayenyamaza ghafla huwa kuna siku ilianza. Kila siku kaa nae dakika kumi bila kumuuliza shule. Na mpe namba 116, ni simu ya watoto ya bure, apige mwenyewe akitaka. Ila akisema anataka kujidhuru, hapo usisubiri miadi ya simu, siku hiyohiyo mpeleke hospitali ya Bombo.

Shangazi habari. Mimi na mke wangu tumeshindwana, tumeongea na mshauri wa mtandaoni miezi miwili. Karatasi yake naweza kuipeleka mahakamani nikaomba talaka?
Baba J, Chumbageni

Hapana baba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la jumuiya ya dini linalotambulika, nalo ndo linatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kuna hali chache mahakama inaruhusu bila baraza, kwa mfano mwenzio akikutoroka na hajulikani alipo. Ila hiyo miezi miwili haijapotea, mlichojifunza kuongea pale kitawasaidia kupanga watoto watakaa wapi bila kuwavuta mikono.

Shangazi, mume wangu ananipiga. Anasema tuingie wote kwa mshauri kwenye simu ataacha. Simu yangu anaikagua kila usiku.
Sitaji jina, Pangani

Mwanangu usiingie nae. Utakalolisema mbele ya mshauri utalilipia simu ikikatwa, na mshauri yupo mbali hawezi kukuokoa. Nenda hospitali uandikiwe majeraha, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na usiku pakichafuka piga 112. Kama una ndugu unayemwamini mtumie ujumbe kwa simu ya mtu mwingine, hiyo yako usiitumie. Na ukurasa huu ukishausoma usiuache ndani.