Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Filamu

Ukipewa kazi ya kupanga filamu kwenye ukumbi wa sinema, macho yako yatakimbilia asilimia ya msambazaji, yaani kampuni inayokupa filamu. Nakuomba uanzie kwingine: kwenye kifungu kinachoeleza "mapato" ni nini.

Chukua tiketi ya shilingi 1,160 Nairobi, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ikiwa ndani. Mkataba ukisema nusu ya mapato baada ya kodi, msambazaji anachukua 500 na wewe 500. Ukisema nusu ya mauzo yote, anachukua 580. Ukishaipa serikali 160 yake, umebaki na 420. Asilimia ni ileile, ila shilingi 80 zimekutoka kwa kila tiketi, na umeme, pango na mishahara bado vinakungoja. Omba kifungu hicho kirekebishwe mapema. Ukishatia saini, huna pa kushika.

Asilimia kwa kawaida huanza juu wiki ya kwanza, kisha hushuka. Lakini kuna wiki za lazima, yaani wiki ambazo huruhusiwi kuiondoa filamu. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba Disney ilizitaka kumbi za Marekani asilimia 65 kwa filamu yake mpya ya Star Wars, tena ikae kwenye skrini kubwa kuliko zote kwa wiki nne. Jiji kubwa linaweza kuhimili sharti hilo. Mji mdogo wenye skrini moja, wateja wako wanaweza kuwa wameshaiona kufikia wiki ya pili, na nyingine huruhusiwi kuleta. Kwa maoni yangu, mwenye skrini moja apiganie wiki kuliko asilimia, au aombe kugawa maonyesho: mchana filamu ya watoto, usiku hiyo ya mkataba.

Halafu ufunguo. Filamu huja kama faili la kidijitali lililofungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hutumwa kwa baruapepe, ukiwa wa mashine moja tu na kwa siku zilizotajwa. Fundi akibadilisha kadi ya seva (kompyuta inayochezesha filamu) Jumatano bila msambazaji kuarifiwa, Ijumaa filamu haifunguki na watu wamejaa mlangoni. Dai ufunguo uanze kufanya kazi angalau siku moja kabla, ujaribu mapema, na mkataba utaje nani atapokea simu usiku na wikendi.

Tiketi za bure nazo zina kiwango chake. Uliza ukizidisha utatozwa vipi.